Mukwa Nilikufunga Mimi

Ndinda mwanangu,

Habari sikuulizi, maana mchana tulikuwa pamoja na ukala chapati nne huku nikikuhesabia. Sasa ni saa kumi jioni. Mwikali amekupeleka kanisani uwaage wenzako wa kwaya, na babako ameenda kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Nimekaa mezani na daftari lako la mistari mipana, ninaandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe. Dada yako Mwikali asikusomee. Barua ni ndefu, lakini wewe si mtu wa kukata tamaa. Soma kidogo, weka kidole mahali ulipofika, pumzika, halafu uendelee.

Kesho unahamia Syokimau kwa Mwikali, na wiki ijayo unaanza kazi ya kupakia mikate. Mambo ya sweta, ya vidonge vya asubuhi na ya kufunga mlango nimemwambia Mwikali mpaka ameanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo siyaandiki. Ninaandika jambo moja nililolificha miaka tisa, na ukiondoka kabla sijakuambia nitakuwa nimekukosea mara ya pili.

Jambo lenyewe ni hili. Shingo yako haikuumizwa na ukaidi wako. Mukwa nilikufunga mimi.

Najua hapo umesimama. Rudi usome tena, sijakosea kuandika.

Nianze mbali kidogo, ndiyo utaelewa mimi ni mtu wa namna gani. Ulizaliwa na mwili laini sana. Nikikuinua kwa makwapa ulikuwa unataka kuniponyoka. Hospitali wakaniambia una hali ya Down, kwamba umezaliwa nayo na utakuwa nayo, na kwamba misuli yako itahitaji kufundishwa kila kitu ambacho ya watoto wengine hujifundisha yenyewe. Ndipo tukatumwa kwa Bi. Nzilani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Watu wote walimwita daktari, na kila mara alisema yeye si daktari, yeye ni mwalimu wa misuli. Kila Jumanne nilikufunga mgongoni tukatoka Ekalakala alfajiri kwenda kwake.

Mimi nilikuwa na haraka. Mtoto wa jirani uliyezaliwa naye mwezi mmoja alikuwa tayari anakimbiza kuku, na wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka unaangalia vidole vyako. Nilikuwa nakusimamisha kwa nguvu, nakuvuta mikono, na ukianguka nakuinua tena. Bi. Nzilani akanishika siku moja nikikuvuta hivyo hapo kwake.

"Mama Mwikali, wacha kumvuta. Hapa hatushindani na mtu. Huyu atatembea tu. Kazi yetu ni atembee vizuri, asije akamaliza magoti akiwa mkubwa."

Akaniambia nishone kaptula mbili za zamani za babako ziwe moja ndogo, miguu imeunganishwa kwa ndani, ili miguu yako isitanuke kama ya chura ukiwa umelala. Nilishona. Majirani wakasema nimemtia mtoto pingu. Ulitembea ukiwa na miaka mitatu na miezi miwili, hatua tano, kutoka kitandani hadi kwenye gunia la ndengu, na nilipiga kelele kiasi kwamba jirani alikuja na fimbo akidhani ni nyoka. Siku hiyo ilinipasa kujifunza kwamba Bi. Nzilani anajua anachosema. Badala yake nilijifunza kwamba nikipata kitu cha kuonyesha watu, watu wananyamaza.

Ulipofika miaka sita alinikalisha akanieleza habari za shingo. Alisema kwa watu wenye hali yako, kano zinazoshika mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo huwa zimelegea. Wengi wanaishi nazo hivyo hivyo mpaka uzeeni bila shida. Lakini kwa wengine, shingo ikivutwa vibaya, mfupa unasogea na kubana ule mshipa mkubwa unaopeleka habari mikononi na miguuni. Usipinduke kwa kichwa, usipige mpira kwa kichwa, usibebe mzigo wa kichwa. Mfuko wa mkononi sawa, tena unakupa nguvu. Kisha akanyoosha kidole akaugusa mfereji huu ulio kwenye paji langu la uso, unaoujua, ule ambao ulikuwa ukipitisha kidole ukiwa mdogo.

"Na hii, Mama Mwikali. Huyu asiwe nayo. Mukwa asiuone kabisa."

Yeye ni Mkamba kama sisi. Alijua vizuri ule mkanda unapita kwenye paji la uso, mtungi unakaa mgongoni, na shingo ndiyo inayovuta kila kitu. Alinieleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kikamba, akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa.

Sasa twende ulipokuwa na miaka kumi na minne. Shangazi yako Kasyoka alikuja kututembelea akakuletea mukwa mpya wa ngozi, mdogo wa kukutosha. Yeye hakujua habari za shingo. Alisema, "Msichana mkubwa hivi na hana mukwa wake?" Wewe uliukumbatia kama nguo ya Krismasi. Neno moja tu lingetosha. Ningemwambia Kasyoka pembeni na angeelewa, si mtu mgumu. Mimi nikasema asante.

Usidhani ni kwa sababu ya shida ya maji. Punda tulikuwa naye, mzima kabisa, amefungwa kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba. Nataka ulijue hilo kwa sababu nimejaribu mara nyingi kumfanya punda yule awe mgonjwa katika kumbukumbu yangu, na hakuwa mgonjwa. Nilichokuwa nacho ni maneno ya wanawake pale kisimani. Walikuwa wanauliza kwa upole, na upole wao ndio ulionichoma. "Na huyu wako, ni wa kukaa tu? Masikini." Nilichoka kuitwa masikini na watu ambao watoto wao hata kufagia hawajui.

Ikawa Jumamosi. Nikakufunga mtungi wa lita tano, nikakurekebishia mukwa kwenye paji kwa mikono yangu hii, nikakuambia uiname kidogo mbele. Ukatembea. Wanawake wakapiga vigelegele, na yule wa masikini ndiye aliyepiga kwa sauti kuliko wote. Uligeuka ukaniangalia huku umekunja uso wote kwa kicheko, ukasema, "Mwaitu, ona! Mimi pia!" Furaha ile ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo inanisumbua, kwa sababu mpaka leo nikiikumbuka nafurahi kwanza, kisha ndipo naumia.

Baada ya wiki tatu ikawa lita kumi. Kisha ishirini. Siku za Jumanne, kabla ya kwenda kwa Bi. Nzilani, nilikuwa nakusugua paji la uso kwa mafuta ili alama isionekane. Ulidhani ni urembo, ukanyoosha uso vizuri nikupake. Mtu anayepaka mafuta juu ya alama hawezi kusema alisahau alichoambiwa.

Halafu ukaanza kuangusha vikombe. Viatu vyako vikaanza kuisha mbele, kwa sababu vidole vilikuwa vinaburuta chini. Ukaanza kukojoa kitandani, na mimi nikakufokea kwamba msichana mkubwa hivi. Usiku ulikuwa unashika shingo. Niliona yote hayo. Nikakupaka dawa ya kuchua, nikakurudisha kwenye lita kumi, hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Nilikuwa naogopa kukupeleka kwa sababu nilijua nitaulizwa nini, basi ukakosa Jumanne mbili, na tatu, nikisema soko limekuwa na kazi nyingi.

Babako ndiye aliyetupeleka. Alikuwa amekuja likizo kutoka kiwandani, akakuona unavyotembea, akasema kesho yake tunaondoka. Bi. Nzilani alikuangalia kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka na uso wake ukabadilika hata hujaketi. Akakuambia usimame kwa mguu mmoja, ukashindwa. Akagonga goti lako kwa kile kinyundo chake na mguu ukaruka vibaya. Akanigeukia.

"Huyu amekuwa akibeba?"

Babako alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Huyu ni mkaidi. Nikienda soko anatoa mukwa kwa ukuta anaenda na wale wasichana wengine. Nimemkataza mpaka nimechoka."

Maneno yalitoka bila kukwama hata kidogo. Mimi ni mtu wa soko, naweza kusifu kitunguu kilichooza mpaka mtu akanunua viwili. Wewe ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda, miguu inaning'inia, ukaniangalia. Nilingoja useme, "Lakini si ni wewe, Mwaitu?" Ungesema hivyo ningekubali palepale, nafikiri. Sijui. Wewe ukamwambia Bi. Nzilani, "Eeh. Mimi mkaidi."

Uliamini mdomo wangu kuliko macho yako mwenyewe. Bi. Nzilani akaandika kwenye faili.

Mengine unayakumbuka. Walikuvisha kola ngumu siku hiyo hiyo na kutukataza hata kukuinua vibaya. Tulipokuwa tunangoja siku ya kupelekwa Nairobi, babako aliuchukua ule mukwa akaukata vipande kwa panga pale uani, akakuambia, "Muombe mama yako msamaha." Hukuweza kuinama kwa sababu ya kola. Ukanishika mkono kwa mkono wako wa kushoto, ule uliokuwa hauna nguvu, ukasema, "Mwaitu, pole. Sitarudia."

Na mimi nikasema, "Nimekusamehe."

Nimeandika hilo na nimeinuka nikanywa maji. Sasa nimerudi.

Huko Nairobi wakakukaza mifupa kwa vyuma vidogo, na ukarudi nyumbani ukiwa hai. Ikafuata miaka miwili ya kuanza upya. Ulijifunza kufunga vifungo, ukajifunza kutembea katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, ukajifunza kugeuka mwili mzima kwa kuwa shingo haigeuki tena. Mimi sikukosa Jumanne hata moja. Kila zoezi nililifanya na wewe hapa sakafuni, asubuhi na jioni, tukihesabu kwa sauti mpaka babako akasema anahesabu hata kiwandani. Kanisani wakawa wanasema mama huyu ana moyo, wakanisimamisha mbele wakapiga makofi. Hayo makofi pia niliyapokea. Nilifikiri nikijichosha vya kutosha, ule uongo utaisha wenyewe.

Haukuisha, maana mwenye kuutunza ulikuwa wewe. Kila mgeni akiuliza kovu la nyuma ya shingo unamwambia, "Nilikuwa mkaidi, nikaharibu shingo yangu." Umemwambia pasta, umewaambia waimbaji wa parokia nyingine, umemwambia hata yule mtu wa kuchanja mifugo. Wanacheka kidogo, wanakupiga begani, wanasema sasa umekuwa mzuri. Nami niko hapo na chai yao.

Ningeweza kuendelea hivyo, Ndinda. Nataka unijue vizuri. Kama si ile sufuria ya mwezi uliopita, kesho ningekupungia mkono na kulia kama mama yeyote.

Sufuria ilikuponyoka mkononi, na kabla hata sijasema kitu ukaficha mkono chini ya leso. "Sijabeba kitu, Mwaitu. Naapa. Sijabeba." Nikakuuliza umeshikwa na nini. Vidole vilikuwa vinafanya ganzi kwa siku nne. Siku nne! Nikakuuliza mbona hukusema. Ukasema, "Utasema mimi mkaidi."

Tulikimbia kwa Bi. Nzilani, ukapigwa picha ya shingo, akakupima miguu na mikono, na Mungu akatusaidia. Vyuma viko imara. Ilikuwa ni kuinama sana ukitunga shanga. Lakini aliniita kando akaniuliza, "Huyu msichana alificha siku nne. Anaogopa nini?" Siku hiyo ndiyo alituandikia ile barua ya kumpelekea mtaalamu mpya huko Syokimau. Iko kwa Kiingereza, Mwikali, aliyekuwa amekuja kututembelea, akatusomea jioni yake mezani. Katikati yake imeandikwa kwamba mgonjwa ana historia ya kutosikia maagizo, kwamba alibeba mizigo kwa siri. Mwikali akaikunja akaendelea na ugali. Nikafikiria mtu asiyekujua, anasoma hivyo kabla hajakuona. Siku utakayomwambia vidole vina ganzi, atakuuliza kwanza umebeba nini. Na wewe utaficha tena.

Jumanne iliyopita niliposema ninaenda soko, nilienda kwa Bi. Nzilani peke yangu. Nilimwambia yote, hata ya mafuta. Hakunikaripia. Angenikaripia ningeona afadhali. Alitoa faili, akapiga mstari juu ya maneno yale ya zamani, akaandika mengine, akaniambia niweke sahihi. Akatuandikia barua mpya, ndiyo iliyo kwenye bahasha pamoja na picha zako. Nilipokuwa mlangoni akasema, "Faili nimerekebisha. Na mtoto je?"

Babako nimemwambia juzi, shambani. Aliweka jembe chini, akaenda akakaa na punda mpaka jua likazama. Tangu hapo anaongea na mimi habari za mbuzi tu. Mwikali nitamwambia mwenyewe kesho, hiyo si kazi yako. Na barua hii sitaitia kwenye begi lako, maana hiyo ingekuwa kukimbia. Nitaiweka mkononi mwako kesho asubuhi kabla ya chai, na nitakaa hapo hapo ukiisoma, hata ukichukua mpaka mchana. Gari litangoja.

Sina mafunzo mengi ya kukupa. Mimi nilidhani Bi. Nzilani anakufundisha wewe tu, kumbe na mimi nilikuwa mwanafunzi, tena mbaya. Lakini hili nimelijua kwa uchungu: mwili wako unaujua wewe. Huko Syokimau maji hukatika, na watu hupandisha mitungi kwa ngazi. Mtu atakuambia, Ndinda, shika. Ukisema hapana, huo si ukaidi, ni akili. Na vidole vikifanya ganzi, au mguu ukianza kuburuta, mwambie Mwikali saa hiyo hiyo, usingoje hata umalize chakula. Sema hata kama umebeba. Sema hata kama aliyekubebesha ni mtu unayempenda.

Na kuna kitu ninaogopa zaidi ya vyote. Ninaogopa utamaliza kusoma na kuniambia, "Hakuna shida, Mwaitu." Wewe husema hakuna shida hata mtu akikukanyaga. Tafadhali usiseme hivyo kesho. Kuna shida, na ni kubwa. Ukitaka kukasirika, kasirika. Katika miaka yako yote ishirini na mitatu sijakuona umenikasirikia, na sasa najua ni kwa nini, ulidhani wewe ndiye mwenye makosa. Ukitaka kwenda bila kunikumbatia, nenda. Ukitaka kukaa huko miezi bila kunipigia simu, mpigie babako, nami nitasikia sauti yako kupitia kwake kama atanikubalia kukaa karibu.

Alhamisi Mwikali atakupeleka kwa yule mtaalamu mpya. Atakuambia uvue sweta, ataona kovu, atakuuliza shingo ilipatwa na nini. Barua ya Bi. Nzilani itakuwa mezani, lakini usiiachie ikusemee. Mwangalie usoni umwambie mwenyewe. Nimekuandikia maneno, yasome mara nyingi mpaka yakukae mdomoni mahali pa yale ya zamani:

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama yangu aliambiwa nisibebe. Alinibebesha. Mimi nilimwamini."

Ni mimi mamako,
Syombua